Usiku mmoja wa nguruwe katika safari ya watu sita

Tulikuwa tumeshaiacha Wichita nyuma, tunashuka kusini kuelekea Texas na barabara ya I-35, mama mkwe aliponiuliza swali nililokuwa nalisubiri tangu tunafunga mizigo Kansas City. Alikuwa kiti cha mbele, kanga imefunika magoti, miwani imepandishwa kwenye paji la uso.

"Baba, hao nguruwe mnaokwenda kuwapiga Alhamisi, mnawaua ili iweje?"

Nyuma kukawa kimya. Mke wangu hakusema kitu, shemeji akageukia dirishani, na hata watoto waliacha kugombania chaja. Mama mkwe ni Mpare wa milimani na Msabato tangu kuzaliwa. Nguruwe haingii kinywani mwake, hapikwi kwenye sufuria yake, na kwa kawaida hatajwi mezani kwake. Nikamwambia, "Mama, nitakujibu tukiwa tumesimama, nisije nikakujibu ovyo nikiwa kwenye usukani." Akasema haya, akashusha miwani.

Swali lile nilitembea nalo siku tatu.

Hii ilikuwa mara ya pili kupanga mawindo ya nguruwe pori ndani ya safari ya familia. Ya kwanza niliiharibu, kwa sababu nilianza na nguruwe. Nilitafuta ranchi yenye picha nzuri za madume makubwa, nikaweka tarehe, nikalipa, kisha ndipo nikaanza kufikiria mke na watoto watalala wapi. Ranchi ikawa mwendo wa saa mbili na nusu kutoka hotelini. Nilirudi alfajiri saa kumi na moja, nimejaa matope, mikono mitupu, na saa nne asubuhi nilikuwa barabarani nawapeleka watoto ufukweni Galveston. Katikati ya njia mke wangu aliniita kwa jina langu la ubatizo, jambo ambalo hajawahi kulifanya toka tuoane, akaniita tena kwa sauti, kwa sababu gari lilikuwa limeshaanza kuvuka mstari wa pembeni na mimi nimefumba macho. Hatukugonga kitu. Nilisimama, akachukua usukani, na hakusema neno hadi tulipoiona bahari. Watoto walikuwa wamelala, hawajui mpaka leo.

Tangu siku ile sipangi usiku wa porini kabla sijajua nani ataendesha kesho yake.

Ugumu wote wa jambo hili uko kwenye saa. Nguruwe pori hana tezi za jasho za kumsaidia kujipoza, kwa hiyo jua likiwa kali analala kwenye kivuli au kwenye tope, na anatoka kula jioni, usiku na alfajiri. Kadiri anavyosumbuliwa na watu ndivyo anavyozidi kuwa wa usiku. Familia ni kinyume chake: inaamka na njaa asubuhi, inataka kuona vitu mchana, inataka baba aliye macho. Ukiwafuata wote wawili bila mpango, utakesha na nguruwe na kushinda na watoto, na mwili haukubali. Niliamua mawindo yapewe usiku mmoja tu, tena wenye mwisho: saa saba usiku niwe nimerudi, nimepata au sijapata.

Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa wanyama hawa ni kero, unaweza kuwapiga popote. Sivyo. Kansas, kuwawinda kwa burudani kumepigwa marufuku tangu 2006. Jirani zetu wa Missouri, idara yao ya uhifadhi ilikataza mwaka 2016 kuwawinda kwenye ardhi inayoisimamia. Sababu zao nazielewa. Ukimpiga mmoja kwenye kundi, waliobaki wanatawanyika, wanahamia kwa jirani, na kesho yake mtego hauwakamati tena. Halafu pale uwindaji unapokuwa mchezo, hutokea watu wanaobeba nguruwe hai kwenye magari usiku na kuwaachia bonde jipya, ili mwakani wawe na wa kuwinda. Kero inasafirishwa kwa gari.

Texas ni habari nyingine kabisa. Nchi nzima ya Marekani inakadiriwa kuwa na zaidi ya nguruwe pori milioni 6, na Texas peke yake wanahesabiwa kwa mamilioni. Hakuna msimu uliofungwa, hakuna kikomo cha idadi, na kwenye ardhi ya mtu binafsi unaruhusiwa kuwinda usiku. Mwaka 2011 walipitisha sheria ya kuwapiga kutoka kwenye helikopta. Na tangu Septemba 1, 2019, ukiwa na ruhusa ya mwenye ardhi, hata leseni ya uwindaji haitakiwi kwa nguruwe pori. Kwa msafiri mwenye familia, kutokuwepo msimu ndiyo neema kubwa: likizo ya watoto haikupi kuchagua mwezi, lakini hapa unaweza kuchagua siku yoyote ndani ya likizo hiyo.

Sasa nizungumzie shemeji, maana hapa nusura tuingie kwenye matatizo bila kujua.

Shemeji alikuja na mama yake kwa viza ya matembezi. Alitamani sana kwenda nami, na mimi nikamwambia twende, Texas hawataki leseni. Ni mke wangu, ambaye husoma maandishi madogo, aliyeniuliza kama nimeangalia sheria ya shirikisho. Nikaangalia. Mgeni aliyeingia Marekani kwa viza ya muda haruhusiwi kumiliki wala kushika bunduki, wala hata risasi, na ni kosa la jinai lenye kifungo. Kuna misamaha michache, na mmojawapo ni mtu mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo la Marekani. Kwa maneno mengine, leseni ambayo Texas haimdai mtu yeyote kwa nguruwe, shemeji aliihitaji ili asivunje sheria ya Washington. Mimi mwenye ukaazi wa kudumu sikuihitaji. Watu wawili wamekaa kibanda kimoja, wanaangalia mnyama mmoja, na karatasi zao ni tofauti.

Tulimkatia leseni ya siku 5 ya asiye mkazi wa jimbo, dola 48 wakati ule. Kwa kuwa hakuwa amesoma kozi ya usalama wa uwindaji, tukaongeza dola 10 za kuahirisha kozi hiyo, na sharti lake ni kwamba lazima awe karibu, umbali wa kusikilizana kwa sauti ya kawaida, na mtu mzima mwenye leseni aliyekwisha kupita kozi. Mwenye ranchi alikuwa mtu huyo. Nikamwambia shemeji kwa upole, lakini nikimtazama machoni: kabla leseni haijaanza usiguse begi la bunduki, hata kunisaidia kulishusha kwenye gari, na siku ya sita usiliguse tena. Yeye ni mtu wa kusaidia mizigo kwa asili. Kila tuliposimama nilimwona anainuka, anakumbuka, anachukua sanduku la chakula badala yake.

Nawaomba wenzangu wanaopokea ndugu kutoka nyumbani walishike hili. Mgeni wako akipatikana na kosa la silaha, hutalimaliza kwa kuomba radhi.

Mahali tulipachagua kwa kuanza na mama mkwe. Alikuwa na binamu yake Keene, mji mdogo kusini mwa Fort Worth wenye chuo kikuu cha Wasabato, Southwestern Adventist University, na alitaka kufika kwake kabla ya Sabato. Sabato inaingia Ijumaa jua linapozama, na katikati ya Machi kule jua linazama kama saa moja na dakika arobaini jioni. Hiyo ikawa kigingi cha kwanza: Ijumaa jioni tuwe Keene, tumeoga, chakula kimepikwa. Mawindo ya Ijumaa usiku hayapo, ya Jumamosi alfajiri hayapo. Nikachukua ramani, nikaweka kidole Keene, nikafuata barabara ya US 67 kuelekea magharibi. Inapita Cleburne, halafu inafika Glen Rose, na Glen Rose kuna Dinosaur Valley State Park, ambako kwenye mwamba wa mto Paluxy kuna nyayo za dinosaria za takriban miaka milioni 113. Mwanangu wa miaka saba anazijua dinosaria kuliko anavyowajua mashangazi zake.

Basi Alhamisi ikapatikana yenyewe. Mchana wa watoto, usiku wangu, Ijumaa asubuhi polepole, alasiri Keene. Ranchi niliitafuta ndani ya nusu saa ya nyumba tuliyopanga Glen Rose, na niliziacha mbili zilizoonekana bora kwa sababu zilikuwa mbali. Jumatano tuliitoa kwa Fort Worth, kuwaona ng'ombe wa pembe ndefu wakipitishwa mtaani Stockyards saa kumi jioni, kama wanavyofanya kila siku. Mama mkwe alisimama kwa muda mrefu akiwaangalia wale ng'ombe, akasema wamekonda lakini wana adabu.

Mwenye ranchi nilimpigia simu mara tatu kabla ya kumlipa, na sioni aibu kwa hilo. Nilimuuliza kama atakuwepo mwenyewe au atatuacha. Kama mtandao wa simu unafika. Kama kuna mwindaji mwingine usiku ule kwenye ardhi ileile, na risasi zake zinaelekea wapi. Nyumba ya karibu iko upande gani. Ng'ombe wake wanalala wapi. Nani anachuna, na kuna bucha gani jirani inayokubali nguruwe pori, kwa sababu bucha nyingi za wawindaji hupokea paa na kuwakataa nguruwe. Alijibu yote bila kukereka. Mtu anayekereka na maswali ya usalama simfuati gizani. Bei yake ilikuwa dola 250 kwa kila mtu, pamoja na darubini ya joto inayofungwa juu ya bunduki, ile inayokuonyesha mwili wa mnyama mweupe kwenye giza. Kununua kifaa hicho kunaweza kufika maelfu ya dola, na kwa mtu wa usiku mmoja kwa mwaka hakuna haja.

Tatizo la nyama tulilizungumza wazi, mke wangu na mimi na mama mwenyewe. Sisi tunakula. Yeye hali, na sikutaka akae kwenye gari moja na sanduku la kitimoto kwa maili mia tano. Kwa bahati nzuri yeye na shemeji walikuwa wanabaki Keene wiki mbili, kisha wanapanda ndege Dallas. Kwa hiyo nyama ingekwenda bucha Ijumaa asubuhi kwa gari la mwenye ranchi, ikatwe robo, igandishwe, na mimi ningeipitia Jumatatu tukirudi kaskazini tukiwa wanne. Haingepanda gari akiwemo. Nilipomweleza alitikisa kichwa kukubali, akasema tu, "Umefikiri."

Bunduki nayo ilikuwa na mipango yake. Gari letu halina buti lililotengwa, na sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inayomlinda anayevuka majimbo inataka bunduki isiyo na risasi ndani ya kisanduku kilichofungwa kwa kufuli, na kile kidroo cha mbele ya abiria hakihesabiki. Tukapita Oklahoma namna hiyo. Hotelini sikuiacha garini hata usiku mmoja, maana magari hufunguliwa. Ndani ya chumba niliitoa boliti, kile chuma ambacho bila hicho bunduki haifyatuki, nikalala nayo mfukoni, risasi zikawa kwenye begi jingine lenye kufuli lake, na funguo mbili shingoni mwangu. Niliwaita watoto wote wawili, nikafungua kisanduku mbele yao, wakaiona, wakauliza wanachotaka, nikafunga. Mtoto aliyefichwa kitu hukitafuta. Aliyekwisha kukiona anarudi kwenye katuni zake.

Binti yangu wa miaka kumi na miwili hakurudi kwenye katuni. Alitaka kwenda. Alinifuata jikoni Glen Rose Alhamisi alasiri, tumetoka mtoni (maji yalikuwa yamepanda kidogo na baadhi ya nyayo zilikuwa zimefunikwa, lakini zile za kucha tatu zilionekana, na mdogo wake alisimama ndani ya moja akakataa kutoka). Akaniambia ana subira kuliko shemeji. Ni kweli anayo. Nilimkatalia kwa sababu ya watu wawili wenye bunduki kwenye kibanda kidogo gizani, mmoja wao akiwa hajawahi kufyatua, na nikamweleza hivyohivyo bila kumdanganya kwamba ni mdogo sana. Nikamwahidi asubuhi nitampeleka akaone shamba. Akauliza kama bibi anaweza kuja pia. Nikasema bibi hatapenda. Akasema, "Tumuulize."

Tukaondoka saa kumi na mbili jioni. Namba ya mwenye ranchi ilikuwa imebandikwa kwenye friji, na makubaliano na mke wangu ni kwamba ikifika saa saba hajaniona anampigia yeye kwanza.

Kibanda kilikuwa juu ya nguzo nne, ngazi ya mbao, dirisha refu jembamba, kimeelekea kwenye uwazi wenye chombo kinachomwaga mahindi kwa saa iliyopangwa. Shemeji aliingia, akakaa, akatazama huku na huku, akacheka kidogo. "Shemeji, hili si dungu hili?" Ni dungu kabisa. Tofauti ni kiti cha ofisini chenye magurudumu.

Upepo ulikuwa unatoka kwao kuja kwetu, na mwenyeji wetu alisema upepo ukigeuka tushuke twende nyumbani, kwa sababu nguruwe haoni mbali lakini pua yake haina mpinzani. Tukakaa. Mahindi yakamwagwa. Akaja rakuni mmoja, akala, akaondoka. Saa tatu na robo likatokea kundi upande wa kichaka, jike mkubwa mbele, wengine wawili wa ukubwa wa kati, na wadogo ambao kwenye darubini walionekana kama nukta nyeupe zinazodunda. Walikuja wakigombana. Sauti yao sikuitarajia: kelele, kukoroma, mtoto mmoja anapiga ukelele anaposukumwa kwenye punje. Shemeji alikuwa na zamu ya kwanza. Nilisikia pumzi yake. Alishika bunduki dakika nzima, kisha akaiweka chini taratibu na kunong'ona kwamba wadogo wanapita mbele, hana uhakika. Mwenye ranchi akamgusa bega, akatikisa kichwa kwamba amefanya vizuri.

Nilisubiri mmoja wa wale wa kati ajitenge, akageuka ubavu, nikapiga. Wengine walitoweka kabla mwangwi haujarudi. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini na saba.

Alikuwa jike mchanga wa kama ratili 90. Huyo ndiye anayefaa kwa chakula. Dume mkubwa picha yake ni nzuri, lakini ana ngozi ngumu kama ngao mabegani na nyama yenye harufu. Sehemu inayofuata ndiyo inayotaka uangalifu kuliko kupiga. Nguruwe hawa hubeba brusela na magonjwa mengine yanayomwingia binadamu kupitia damu na majimaji ya mwili, kwenye mkunjo wa kucha tu au mkwaruzo usiouona. Tulivaa glavu za mpira jozi mbili juu ya nyingine, tukafunika macho, hakuna aliyegusa uso, hakuna aliyekunywa maji mpaka glavu zimekwenda kwenye mfuko na mikono imesuguliwa kwa sabuni hadi viwikoni. Nguo zangu za juu zilifungwa kwenye mfuko wa taka palepale. Hazikuingia kwenye nyumba wanamolala watoto. Nyama iliingia kwenye sanduku la barafu, tundu la chini wazi ili maji yatoke, maana nyama ikiloa kwenye maji ya damu inaharibika. Jikoni sheria yetu ni moja: kipimajoto kisome nyuzi 71 ndani kabisa ya pande la nyama, hakuna mchana wala usiku wa kuonja ikiwa na uwekundu.

Saa tano na nusu nilikuwa nyumbani. Mke wangu alikuwa macho, taa ya jikoni inawaka. Nililala usingizi kamili, na Ijumaa yeye ndiye aliyeendesha, kama tulivyopanga.

Mama mkwe alikubali kuja ranchini. Alikuwa amevaa viatu vya kwenda kanisani, akavivua akavaa raba za binti yangu. Mwenye ranchi alituonyesha shamba lake la nyasi za kukata. Nilikuwa nimesoma kuhusu uharibifu wa nguruwe, lakini kusoma ni kitu kimoja. Eneo kubwa kuliko uwanja wa mpira lilikuwa limefukuliwa, udongo umegeuzwa mabonge, mashimo yanafika magotini, nyasi zimekaa juu chini mizizi ikiwa hewani. Alisema trekta la kukatia majani haliwezi kupita hapo mpaka pasawazishwe upya. Kando ya uzio kulikuwa na mti uliosuguliwa mpaka gome likang'aa, tope limekauka kwa urefu wa kiuno changu, na ndani ya nyufa za gome zimenasa nywele ngumu nyeusi, ncha zake zimepasuka. Binti yangu alizitazama kwa karibu mikono ikiwa nyuma, kama nilivyomwagiza.

"Walitoka wapi?" akauliza. Nikamweleza kwamba nguruwe hawakuwepo bara hili kabisa. Mhispania Hernando de Soto alishuka Florida mwaka 1539 na nguruwe kwa ajili ya chakula cha jeshi lake, na baadaye walowezi wakawafuga bila uzio, wengine wakapotelea msituni. Kisha miaka ya 1930 matajiri wapenda uwindaji wakaleta nguruwe mwitu wa Ulaya hapa Texas, wakatoroka, wakazaliana na wale wa kwanza.

Mama mkwe hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameokota kijiti, ameinama, anafuata kitu kwenye udongo laini karibu na mtaro. Tukamfuata. Alikuwa anahesabu.

"Huyu jike," akasema, kijiti kwenye alama kubwa. "Na hawa wake. Wanne. Watano. Wamepita huku wakati umande umeshashuka, ona kingo hazijakauka." Akanyooka, mkono kiunoni. "Wanarudi kwa njia hiyohiyo. Nguruwe habadilishi njia mpaka umtishe."

Mke wangu alikuwa anamtafsiria mwenye ranchi, akakoma katikati kumwangalia mama yake. Ikatoka habari ambayo yeye mwenyewe hakuwa ameisikia. Mama mkwe akiwa na umri wa binti yangu alilala kwenye dungu misimu mitatu na bibi yake, kulinda mahindi. Walikuwa na debe na mpini wa jembe, na moto chini. Usiku mmoja bibi aliumwa, hakuna aliyepanda, na asubuhi hawakukuta hata bua moja lililosimama. Mwaka ule walikula mihogo ya kuomba.

Hapo nikaona nimjibu lile swali. Nikamwambia ukweli, mama, mmoja niliyempiga jana haliokoi shamba hili. Jike hubeba mimba chini ya miezi minne, anazaa watano, sita. Wataalamu wanasema lazima kiasi cha theluthi mbili waondolewe kila mwaka ndipo idadi isipande, na kinachofanya kazi hiyo ni mitego mikubwa inayofunga kundi zima. Nikamwonyesha ule wa mwenye ranchi, uzio wa duara wenye lango linaloangushwa kwa simu anapoona kwenye kamera kwamba wote wameingia. Mimi nawinda kwa sababu tunakula, na kwa sababu napenda kukaa kimya gizani nikisikiliza. Nikasema hivyo tu.

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza mwenye ranchi analinda na nani usiku. Mke wangu akatafsiri. Mzee akasema yuko peke yake, na kamera.

"Hana debe?"

Ikaletwa ndoo ya chuma ya maji ya ng'ombe. Mama mkwe akaigeuza, akaichagulia fimbo, akamsimamisha mjukuu wake mbele ya shamba lililofukuliwa na kumwonyesha: mapigo matatu ya haraka, moja zito, na ukelele unaoanzia chini ya kifua. Binti yangu alipiga. Ukelele wake wa kwanza ulikuwa mwembamba. Wa pili ulivuka uzio, na ng'ombe upande wa pili wa mtaro wakainua vichwa vyote kwa pamoja. Shemeji akapiga makofi. Mwenye ranchi alivua kofia.

Ilipofika saa sita mama akarudisha raba, akavaa viatu vyake, akakaa kiti cha mbele na kutandaza kanga magotini.

"Nyama yenyewe iko wapi?"

"Iko bucha, mama. Hatuipitii leo."

Akafunga mkanda, akapandisha miwani. "Basi twende. Leo ni maandalio, na sijapika kitu."